Siku 23

Nilifunga ndoa Mombasa tarehe 14 Desemba 2017, mbele ya Kadhi, na sinia za pilau zikapita hadi usiku. Niliingia Marekani tarehe 21 Novemba 2019. Hesabu mwenyewe: zilikuwa zimebaki siku 23 ndoa yetu itimize miaka miwili. Kwa ajili ya siku hizo nilipewa grinikadi, yaani kadi ya ukaazi, ya miaka miwili badala ya ya miaka kumi, na yaliyofuata yalikula miaka minne na zaidi ya maisha yangu, dola nyingi, na karibu yale maelewano yangu na mke wangu.

Hakuna aliyenidanganya. Viza yangu ilikuwa hai hadi Machi 2020. Ningeweza kukaa kwa mama Likoni, nile samaki, nisubiri hiyo 14 Desemba ipite ndipo nipande ndege. Lakini mke wangu, ambaye ni muuguzi kule Minneapolis, alikuwa na mapumziko ya siku nne ya Sikukuu ya Kushukuru, tarehe 28 Novemba, na tikiti ya wiki ile ilikuwa nafuu. Tukaikimbilia. Hatukujua kwamba kuna la kusubiri.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1986. Bunge la Marekani lilikusudia kuwabana wanaofunga ndoa za karatasi, likaamua kwamba mtu anayepata ukaazi kupitia ndoa changa apewe ukaazi wa masharti wa miaka miwili, kisha arudi kuthibitisha kwamba ndoa haikuwa ya kununua makaratasi. Ndoa changa maana yake haijatimiza miaka miwili siku ile unapopata ukaazi. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Siku inayohesabiwa si ya kupeleka maombi wala ya mahojiano pale ubalozini Gigiri, Nairobi. Kwa anayetoka nje na viza, ni siku anayopita mpakani na kugongewa muhuri. Kwa aliye tayari ndani ya Marekani, ni siku ombi lake linapokubaliwa.

Angalia herufi zilizo kwenye viza. Yangu iliandikwa CR1. Hiyo C ndiyo masharti. Waliotimiza miaka miwili hupata IR1. Ukifika mpakani na viza ya CR1 huku ndoa imeshatimiza miaka miwili, unamwonyesha afisa cheti cha ndoa na kumwomba akuingize kama IR1. Kama umebakiza wiki chache na viza yako bado inaruhusu, subiri. Tikiti ya bei nafuu isikuhadae kama ilivyonihadaa mimi.

Haya, nikaingia. Nilitua Chicago, nikagongewa muhuri, na muhuri ule juu ya viza ndio uliokuwa kadi yangu ya muda. Wiki chache baadaye kadi yenyewe ikaja kwa posta. Nilipoona 11/21/21, yaani inaisha 21 Novemba 2021, nilidhani ni kama leseni ya udereva: ikiisha unajaza fomu, unalipa, unaletewa nyingine. Mtu mmoja tuliyeswali naye alinihakikishia kwamba fomu ni I-90. Alikuwa mkweli kwa upande wake, kwa sababu kadi yake ilikuwa ya miaka kumi, na hiyo kweli husasishwa kwa I-90. Ya masharti haisasishwi. Huombi kadi mpya, unaomba masharti yaondolewe, na fomu yake ni I-751. Namfahamu kijana aliyepeleka I-90, akakataliwa, na pesa hazikurudi.

Sasa nifike mahali ambapo naona haya kidogo kuandika.

Mimi nililelewa kwamba mwanamume ndiye anayemleta mke nyumbani kwake. Nikaja kukaa nyumba aliyopanga mke, kwa viza aliyoniombea mke, nikiendesha gari la mke. Hakuna siku alinisimanga. Lakini mimi mwenyewe nilijisimanga kila siku. Nilipopata kazi ghalani Februari 2020, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua akaunti yangu ya benki, ya jina langu peke yangu. Kila mwezi nilimpa mke wangu pesa taslimu, mkononi, ya nusu ya kodi ya nyumba na chakula. Zilizobaki nilizituma nyumbani, wastani wa dola 400 kwa mwezi, kwa siri. Nilikuwa nimenunua kiwanja Likoni kabla ya kuondoka na nilikuwa najenga. Nilitaka siku moja nimpeleke mke wangu, nimfungulie mlango, nimwambie, karibu kwako. Ndivyo nilivyojieleza moyoni. Ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kuwa na kitu kimoja duniani ambacho si chake.

Siri hiyo ilizaa nyingine. Jina langu halikuingia kwenye mkataba wa nyumba, kwa kuwa aliupanga kabla sijafika na mimi sikutaka kuomba. Ritani za kodi tulizipeleka mbalimbali, kila mtu ya kwake. Sheria inaruhusu wanandoa kufanya hivyo, lakini mimi nilichagua njia hiyo ili asione mshahara wangu kamili akaanza kuuliza unakwenda wapi. Mke wangu alidhani ndivyo ninavyotaka kujitegemea. Akaniacha.

Kwa hiyo ilipofika Agosti 2021 tulikuwa na ndoa ya kweli, ya kulala na kuamka, ya kuuguzana na kugombana juu ya joto la nyumba, lakini kwenye makaratasi tulikuwa kama wapangaji wawili wasiojuana.

Fomu ya I-751, mkiipeleka pamoja, inapokelewa ndani ya siku 90 kabla ya kadi kuisha. Kwangu mlango ulifunguka tarehe 23 Agosti 2021. Ukituma mapema zaidi ya hapo inarudishwa. Ukichelewa kadi ikaisha bila fomu kufika, ukaazi wako unakatika kwa mujibu wa sheria na unaweza kuitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Aliyechelewa kwa sababu nzito bado anaweza kutuma pamoja na barua ya kujieleza, lakini anakuwa mikononi mwa huruma ya afisa. Hakuna anayekukumbusha. Andika tarehe yako ukutani siku ile ile kadi inapofika. Na siku ya kutuma, hakikisha toleo la fomu ni la sasa, maana la zamani linarudishwa hata kama umelijaza vizuri namna gani.

Tulituma Oktoba. Ada wakati huo ilikuwa dola 595 na nyingine 85 za alama za vidole, jumla 680. (Tangu tarehe 1 Aprili 2024 ni 750.) Ndani ya bahasha tuliweka cheti cha ndoa, hati mbili za viapo za marafiki, barua ya mwenye nyumba kwamba ninaishi pale, na picha 60. Hamsini kati ya hizo zilikuwa za harusi. Nilijivunia picha zile: mke wangu na hina yake, mimi na kanzu, ami zangu wote wamejipanga. Sikujiuliza afisa atafanya nazo nini. Yeye anajua tulifunga ndoa, cheti kipo. Anachouliza ni mliishije tangu siku ile mpaka leo, na juu ya hilo picha zangu zilikuwa kimya.

Barua ya kupokelewa ilirudi, ikasema kadi yangu imeongezewa miezi 24 kuanzia tarehe ya kuisha. Barua hiyo pamoja na kadi iliyoisha ndiyo grinikadi yako. Itunze kama pasipoti. Mwenye ukaazi wa masharti ana haki zile zile za kufanya kazi na kusafiri kama mwenye kadi ya miaka kumi, na miaka yake inahesabiwa kwenye uraia. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu anayeangalia kadi iliyopitwa na tarehe. Kazini, Desemba ile, mama wa ofisi ya wafanyakazi aliniambia nisiingie zamu mpaka nilete kadi mpya. Nilikosa zamu mbili kabla msimamizi wake hajaisoma barua hadi mwisho.

Juni 2022 baba aliugua, nikaenda Mombasa. Wakati wa kurudi, kwenye dawati la shirika la ndege Nairobi, kijana aliishika kadi yangu, akaigeuza, akaniambia, "Mzee, hii imeisha." Nikampa barua. Akasema hajawahi kuiona barua kama hiyo. Nilisimama pale dakika arobaini, familia na mizigo vikinipita ubavuni, mpaka mkubwa wake akaja na kupiga simu. Laiti ningekuwa na nakala tu, nisingepanda. Beba barua halisi, fika mapema, na usitie fedheha moyoni: kijana anafanya kazi yake. Ukipoteza barua, Uhamiaji wanaweza kukugongea muhuri kwenye pasipoti unaothibitisha ukaazi wako, ila lazima uombe miadi, na wakati ule ilikuwa kwa simu, na kupata mtu wa kuzungumza naye haikuwa kazi ya dakika tano.

Mapema 2023 tukaletewa barua nyingine. Ombi langu lilikuwa bado linasubiri, na Uhamiaji walikuwa wameanza kuongeza muda hadi miezi 48. Nikaichukulia kama habari njema. Kwa kweli, barua ya kukuongezea muda ni namna ya kukuambia kwamba foleni ni ndefu.

Mei 2023 ikaja bahasha ya aina nyingine. Wenyewe huku huiita RFE, yaani barua ya kudai ushahidi zaidi. Ilinipa siku 87. Iliorodhesha vitu: taarifa za akaunti ya pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, ritani za kodi za pamoja, bima, mali, vyeti vya watoto kama wapo. Sisi watoto bado hatukujaliwa. Mke wangu aliisoma amesimama jikoni, na nguo za kazi bado mwilini. Alipofika kwenye akaunti ya pamoja akaketi.

"Bwana, kwani sisi hatuna akaunti ya pamoja kwa nini?"

Nikaanza kusema habari za kujitegemea. Akaniinulia mkono ninyamaze. "Miaka mitatu unaniletea pesa kwenye bahasha kama mpangaji. Mimi sijakuuliza. Leo serikali inakuuliza. Zinakwenda wapi?"

Nikamwambia. Nikamtolea risiti zote kwenye simu, M-Pesa moja baada ya nyingine, na picha za msingi, ukuta, lenta. Alizitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Kiwanja kimeandikwa jina la nani?"

La kwangu. La kwangu peke yangu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Siku mbili tulipishana ndani ya nyumba bila neno, na saa ya siku 87 inakwenda. Siku ya tatu aliniambia kwamba kwa mwaka mzima alikuwa ameamini nina mwanamke au mtoto Mombasa ninayemlisha. Alikuwa amejipanga kuniuliza baada ya kadi kutoka, ili nisije nikasema alinitishia kwa karatasi. Yaani yeye alikuwa amebeba shaka ile kimya kimya ili kunilinda mimi, nami nilikuwa naficha simiti na kokoto.

Tulitafuta wakili. Alitutoza dola 1,200, na wapo wanaotoza zaidi. Kuna pia mashirika ya hisani yenye watu walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kusimamia kesi za uhamiaji kwa ada ndogo. Sisi tulijua hilo baadaye. Wa kumkimbia ni mjuzi wa mtaani. Mmoja alinipigia simu akaniambia kwa dola 300 atanitengenezea mkataba wa nyumba wenye majina mawili, tarehe ya 2020. Nakiri nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nilipomweleza wakili, alivua miwani. Akanifahamisha kwamba ndoa yangu ya kweli ingegeuka kesi ya udanganyifu kwa karatasi moja ya uongo. Kosa la kufunga ndoa ili kukwepa sheria za uhamiaji linaweza kukupeleka jela hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000, na aliyepatikana na ndoa ya hila hufungiwa mlango hata kama kesho ataoa kwa nia safi. Sikuipokea tena simu ya yule bwana.

Alichotufundisha wakili ni kuacha kutazama tusichonacho. Alituuliza: mnaishi vipi? Nani anampeleka nani hospitali? Nani anamtumia nani pesa? Tukajibu kama watu wanaopiga soga, naye akawa anaandika.

Ikabainika kwamba mke wangu aliniingiza kwenye bima yake ya afya ya kazini tangu Januari 2020. Miaka mitatu na nusu, kila mwezi makato kwenye mshahara wake, na jina langu limeandikwa "mume". Tulikuwa tumesahau kabisa kwamba hiyo ni karatasi. Bima ya gari ilikuwa na majina yetu sote wawili. Mwaka 2022 alifanyiwa upasuaji usiku wa dharura, na fomu ya hospitali ya ndugu wa karibu ina saini yangu, saa nane na dakika kumi usiku, mwandiko umepinda. Mimi nilikuwa nikimtumia mama mkwe wangu Malindi pesa za dawa, na risiti zote zipo. Na zile pesa za ujenzi, zile zile za siri, nazo zikaingia: maana kufikia Julai mke wangu alikuwa na jina lake kwenye makubaliano tuliyoandikiana mbele ya wakili Mombasa, kwamba nyumba ni ya wote wawili. Tarehe yake ni ya 2023 na tuliiacha hivyo hivyo. Akaunti ya pamoja tuliifungua Juni 2023, nayo tukaipeleka na tarehe yake. Mkataba mpya wa nyumba vilevile. Afisa si mtoto. Anaona kwamba umeamka baada ya barua, lakini kuamka si kosa.

Ritani za kodi zilinishangaza. Kumbe wanandoa waliopeleka mbalimbali wanaweza kuzirekebisha ziwe za pamoja ndani ya miaka mitatu, kwa fomu ya 1040-X. Tukarekebisha, na zaidi ya ushahidi tukarudishiwa pesa kidogo. Kinyume chake, kutoka ya pamoja kwenda mbalimbali, hakiwezekani muda wa kupeleka ukishapita. Muhtasari wa ritani unaupata bure kwa mamlaka ya kodi, hata wa miaka iliyopita.

Hati za viapo tuliziandika upya. Zile za mwanzo zilisema "ni wanandoa wazuri, wanapendana." Rafiki yangu angeweza kusema hivyo juu ya mtu yeyote. Ya pili alieleza jinsi alivyokuja kutusaidia kuvuta gari theluji ilipotukwamisha Februari 2021, tukagombana mbele yake nani aliyesahau kuchaji betri. Jirani wetu, bibi wa miaka sabini na kitu, aliandika kwamba hunisikia nikiimba bafuni na humsikia mke wangu akinigongea ninyamaze. Wakili alicheka, akaiweka juu kabisa ya rundo.

Kuhusu picha, tulipunguza hadi ishirini, chache kila mwaka, na nyuma ya kila moja tarehe, mahali na waliopo. Ya harusi ilibaki moja.

Wakati tukiandaa rundo hilo, wakili aliuliza kwa nini sijaomba uraia. Nikamwambia nasubiri masharti yaondolewe kwanza. Akatikisa kichwa. Aliyeoa raia na anayeishi naye anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi badala ya mitano, na fomu ya N-400 hupokelewa hata siku 90 kabla ya miaka hiyo kutimia. Mimi ningeweza kutuma tangu Agosti 2022. Uraia hauwezi kutolewa kabla ya I-751 kuamuliwa, lakini ombi la uraia mara nyingi hulivuta lile jingine, zikasikilizwa siku moja. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa foleni huku mlango wa pili uko wazi. Tulituma N-400 Julai 2023, dola 725.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo si langu lakini lazima niliseme. Kazini tulikuwa na dada mmoja ambaye mumewe alimwambia kila wakigombana, "Sitasaini." Alivumilia makofi kwa sababu ya saini. Hakujua kwamba anaweza kupeleka I-751 peke yake. Ndoa ikivunjika kwa talaka, mwenzako akifariki, ukipigwa au kuteswa, au ukionyesha kwamba kurudishwa kwenu kutakuletea dhiki kubwa kupita kiasi, unaomba mwenyewe, bila saini yake, na hapo zile siku 90 hazikubani. Kwa talaka unathibitisha kwamba mlioana kwa nia njema, ingawa haikudumu. Na hata aliyetuma pamoja na mwenzake wakatengana katikati anaweza kuomba lile lile ombi ligeuzwe kuwa la mtu mmoja, talaka ikishatoka. Jambo jingine ambalo waume na wake wenye uraia hawalijui: ile hati ya kukudhamini waliyosaini, I-864, haifutwi na talaka. Dada yule sasa anaishi mji mwingine na kadi yake ya miaka kumi anayo.

Majibu ya RFE tulituma siku kumi kabla ya muda kwisha. Ukubwa wa rundo ulikuwa kama msahafu.

Mahojiano yalikuwa Februari 2024, ya uraia na ya masharti pamoja. Kwa hilo la pili mke wangu alitakiwa aje. Maswali ya historia na serikali nilijibu sita ya kwanza yote, na wakati huo sita kati ya kumi ndiyo yaliyokuwa ya kupita, afisa akaacha hapo. Kisha akafungua faili la ndoa. Aliuliza nani analipa kodi ya nyumba, tulikula nini jana, mama mkwe wangu anaitwa nani. Halafu akaweka kidole kwenye taarifa za benki.

"Mmeoana 2017. Akaunti ya pamoja 2023. Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa na jibu zuri lenye maneno ya kisheria. Likapotea. Nikasema, "Nilikuwa namficha mke wangu kwamba najenga nyumba."

Afisa akamtazama mke wangu. Mke wangu akasema, "Na mimi nimejua mwaka jana tu. Bado sijamaliza kumsamehe."

Afisa aliandika kitu, kirefu. Sijui alichoandika. Wiki hiyo hiyo masharti yakaondolewa.

Jumla tuliyolipa, mbali na tikiti na uchunguzi wa afya: 535 za ombi la kwanza la mke wangu, 445 za viza na udhamini, 220 za kutengenezewa kadi, 680 za I-751, 725 za N-400, na wakili 1,200. Ni dola 3,805. Katika hizo, 1,880 za I-751 na wakili nisingezilipa kama ningeingia tarehe 15 Desemba. Mke wangu ananiambia nisihesabu hivyo, kwa sababu bila barua ile ya Mei angekuwa bado anadhani nina mke wa pili Likoni. Mimi bado nazihesabu.

Kadi ya miaka kumi ilikuja Machi 2024. Niliishika siku kumi na tisa. Siku ya kula kiapo cha uraia unairudisha mlangoni, na mama aliyezikusanya aliitupa kwenye kisanduku pamoja na nyingine bila hata kuitazama. Nikataka kumwambia aishike kidogo.

Nyumba imefika mabati. Simu ya mke wangu hulia kila nikitoa pesa kwenye akaunti yetu, naye huniita kutoka chumba cha pili: "Simiti tena?"